Maswali yenu: Haiwei ya robo saa, akili uiweke wapi?

Safari hii nimechagua barua za watu wanaokaa mji mmoja wa pembezoni na shughuli zao ziko mji wa pili, katikati kuna kipande cha haiwei. Wengi wanauliza mambo yanayokaribiana kwa hiyo ya kwanza nimeijibu kwa urefu, nyingine nimekata.

Shikamoo mwalimu. Nimepata kazi mji wa jirani, ni kama kilomita 20 na karibu zote ni haiwei ya leni tatu. Leseni ninayo miaka mingi ila nimezoea barabara za mtaani tu, kupeleka watoto shule na kurudi. Mume wangu anasema ni robo saa tu, hamna cha kupanga, washa gari uende. Mimi usingizi siupati. Niende spidi gani, nikae leni ipi, nianzie wapi? — Mama wa Wawili

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Mwambie baba watoto kwamba kwenye robo saa yuko sahihi, ila kwenye "hamna cha kupanga" simuungi mkono hata kidogo, maana safari ndefu ukikosea una muda wa kujirekebisha, hii fupi huna, ukizubaa kidogo tu umeshapita unakokwenda.

Tuanze na spidi kwa sababu ndo inayowanyima watu usingizi bure. Piga hesabu: kilomita 20 ukienda 80 kwa saa ni dakika 15, ukienda 100 ni dakika 12, ukiendesha 120 ni dakika 10. Yani kutoka 80 kwenda 100 umeokoa dakika 3, na hizo unaweza kuziacha zote kwenye taa nyekundu ya kwanza ukishatoka haiwei. Halafu si za bure, ukitoka 80 ukaenda 100 umbali ambao breki zinahitaji kulisimamisha gari unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na upepo unaolikaba gari nao hivyohivyo, mafuta yanalipia. Kwa hiyo kama kibao kinaruhusu 100 na wewe unajisikia salama kwenye 80, kaa leni ya pembeni, ile ya mwendo wa taratibu, kaa na moyo mweupe kabisa. Ila usije ukajikunyata na 50 wakati wenzako wote wanakuja na 90, hapo unakuwa kizuizi na atakayekukuta kwa nyuma hatakuwa na muda wa kufikiria.

Sasa kazi yenyewe iko wapi? Iko kwenye kuingia na kutoka. Katikati hapo ni kushika leni yako na kuacha nafasi, basi. Kwa safari ya kilomita 20 kuingia na kutoka ndo karibu safari nzima.

Kuingia kwanza. Ile njia inayopanda kuungana na haiwei ina kipande kirefu pembeni kwa ajili ya kuongeza mwendo, na kosa la wengi waliozoea mtaani ni kukitambaa polepole mpaka mwisho wake halafu wanasimama kusubiri nafasi. Ukishasimama pale umejiweka pabaya, maana sasa inabidi utoke sifuri uingie kwenye magari yanayokimbia. Fanya hivi, ukianza tu kunyooka kwenye kile kipande kanyaga mafuta kwelikweli, washa indiketa mapema, angalia kioo cha kati, kioo cha pembeni, halafu geuza shingo kidogo uangalie juu ya bega, kwa sababu kuna sehemu vioo havifiki na gari zima linaweza kujificha hapo. Chagua pengo, sema na nafsi yako "naingia nyuma ya lile lori", fananisha spidi yako na yao, ingia. Usichague pengo mbele ya lori kama ni jembamba, lori lenye mzigo halisimami kama gari dogo. Na dereva wa lori kama humwoni uso wake kwenye kioo chake, basi na yeye hakuoni.

Ukishaingia acha nafasi. Njia rahisi: gari la mbele likipita nguzo au kibao, hesabu taratibu, kama unafika pale kabla ya sekunde mbili kuisha umemsogelea mno. Mimi wanafunzi wangu nawapa tatu. Kwenye 100 kwa saa gari linakula karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo kuangalia simu sekunde mbili tu ni zaidi ya mita 50 umeendesha bila macho.

Kutoka sasa, hapa naomba unisikilize vizuri. Usiku wa kabla, kaa na simu yako mezani ufungue ramani, uipitie njia kwa kidole mpaka mwisho. Andika namba au jina la njia utakayotokea, na andika pia ile INAYOTANGULIA, hii ya pili ndo muhimu na watu hawaifikirii. Ukiiona ile ya kabla yako ndo unajua sasa ni zamu yangu, unaanza kurudi leni ya pembeni bila haraka. Ukisubiri mpaka uone jina la kwako umechelewa, kibao kikikwambia bado kilomita moja na wewe uko 100, una sekunde 36 tu, na ndani ya hizo uwashe indiketa, usubiri nafasi, uhame leni, tena labda mbili. Ndo maana nasema kama unatoka baada ya kilomita 20, leni ya kuovateki huihitaji kabisa siku hizi za mwanzo. Nchi nyingine namba za kutokea zinafuata kilomita au maili badala ya mfuatano, yani kutoka 14 kwenda 34 ni umbali wa 20, ukijua kwako wanatumia ipi inakusaidia kujua umebakiza kiasi gani.

Wakati wa kutoka usipige breki ukiwa bado kwenye leni kuu, ingia kwanza kwenye njia ya kutokea ndo upunguze. Na hapo tazama dashibodi, usiamini mwili. Mwili uliozoea 90 kwa dakika kumi ukishuka 50 unaona kama gari limesimama, kumbe kona ya kutokea inataka 40, ndo pale watu wanaparamia kingo.

Kitu kingine, kurudi si ile njia ya asubuhi ukaigeuza. Utaingilia sehemu tofauti, pengine na daraja la kuzunguka, na njia ya kutokea itakuwa na sura tofauti kabisa. Ipitie nayo kwenye ramani usiku huohuo. Na angalia kazini kuko upande gani, kama ni mashariki mwa nyumbani basi jua litakupiga usoni asubuhi na jioni tena wakati wa kurudi, kwa hiyo miwani ya jua iwe ndani ya gari na kioo cha mbele kifutwe NDANI na nje, ule ukungu wa ndani ndo unaofanya mwanga utawanyike usione kitu.

Matairi nisiyasahau. Tairi lenye upepo mdogo mtaani linavumilia, haiwei linapata joto na linaweza kupasuka. Pima asubuhi gari likiwa baridi, kipimo sahihi kimeandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva au kitabu cha gari, usifuate ile namba iliyo kwenye tairi lenyewe, ile ni ya mwisho tairi linapoweza kubeba. Halafu chungulia kwenye mifereji ya tairi, kuna vinundu vidogo vya mpira chini kabisa, tairi likiisha mpaka likalingana navyo maana yake imebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha.

Muda wa kuondoka, pima kwa siku mbaya, siku nzuri haitakusaidia. Programu nyingi za ramani zinakuruhusu uweke saa ya kuondoka na zinakupa makadirio kuanzia dakika kadhaa mpaka dakika kadhaa, we chukua ile ndefu. Jaribu pia kusogeza mbele na nyuma kwa robo saa uone, wakati mwingine kutoka mapema kidogo kunakupunguzia foleni kubwa. Na jua pale barabara ya zamani inapoungana na haiwei, siku kukifungwa utashukia hapo.

Kabla ya siku ya kazi, nenda ukafanye mazoezi siku ya mapumziko asubuhi barabara ikiwa nyeupe. Mchukue baba watoto akae pembeni asome vibao kwa sauti, asishike usukani. Nenda, rudi, nenda tena. Hofu uliyo nayo inakufanya uangalie vioo, kwa hiyo usiione kama aibu.

Mwalimu salama? Kila asubuhi kwenye kipande changu cha haiwei tunasimama, tunatambaa, tunasimama, halafu ghafla njia inafunguka na mbele hamna ajali, hamna polisi, hamna matengenezo, hamna kitu! Nini kinasababisha? Na mbona leni ninayohamia ndo inasimama? — Kijana wa Foleni

Salama ndugu yangu. Kinachosababisha ni sisi wenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio zuri sana, walipanga magari 22 kwenye duara lenye mzunguko wa mita 230, wakawaambia madereva waende mwendo mmoja, kama 30 kwa saa. Hakuna taa, hakuna makutano, hakuna shimo. Mwanzo wakaenda vizuri, baada ya muda mmoja akapunguza kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi, wa nyuma akazidi, mpaka baadhi wakasimama kabisa. Na ile foleni ikawa inasafiri kurudi nyuma kama wimbi huku magari yenyewe yanaenda mbele. Ndo hiyo ya kwako ya kila asubuhi, aliyeianzisha pengine ameshafika ofisini.

Unachoweza kufanya ni kuacha pengo mbele yako na kulitumia, yani wa mbele akishika breki kidogo we achia mafuta tu, pengo linameza ule mshtuko na wa nyuma yako hahitaji kushika breki. Najua watu watachomekea kwenye hilo pengo, waache wachomekee, kila anayeingia anakuchelewesha sekunde mbili tatu. Ninawaomba sana mlielewe hili kwa sababu madereva wachache wakikaa hivi leni nzima inatulia.

Kuhusu leni inayokusaliti, fikiria hivi: ukiwapita wengine, unawapita kama kumi ndani ya muda mfupi sana, ila wakikupita wewe umesimama, unawaangalia mmoja mmoja kwa muda mrefu. Kwa hiyo hata leni mbili zikiwa na mwendo uleule, kichwa kinahesabu muda uliopitwa. Kaa ulipo, kila unapohama ndo unampigisha breki mwingine na wimbi jipya linaanza.

Nikipitiliza njia ya kutokea je, nikisimama pembeni nikarudi rivasi taratibu na taa za hatari, si mita chache tu? — Dereva Mpya

Hapana, usifanye kabisa, hata kama ni mita kumi, hata kama huoni gari nyuma. Anayekuja na 100 hategemei kukuta gari linamjia kinyumenyume na taa za hatari hazimwambii unaelekea wapi. Endelea mpaka ya mbele, toka, rudi. Maeneo ya miji ya pembezoni njia za kutokea haziachani sana kwa hiyo unapoteza dakika chache tu. Na usikate leni mbili kwa mkupuo ukiiona dakika ya mwisho, hilo nalo ni lilelile.

Mwalimu, gari likizima katikati ya haiwei na nina watoto, nifanye nini kwanza? Umbali ni mfupi sijawahi kubeba chochote. — Baba Mzazi

Ndugu yangu, gari linaloonyesha dalili usingoje lizime, ukisikia nguvu zinapungua au usukani unavuta upande anza kusogea pembeni likiwa bado lina mwendo, na kama njia ya kutokea iko karibu jikokote mpaka utoke kabisa. Ukisimama pembeni, taa za hatari ziwake, magurudumu yakunje kuelekea nje ya barabara, watoto wateremkie mlango ulio mbali na magari, na wote mvuke kingo za chuma mkasimame nyuma yake, mbali kidogo na gari, upande magari yanakotokea ili likigongwa lisisukumwe likawafuata. Msikae ndani mkisubiri fundi. Tairi likipasuka upande wa magari usijaribu kubadilisha mwenyewe, piga simu uvutwe.

Kama limezima katikati ya leni na huwezi kulisogeza, washa taa za hatari, mikanda mbaki mmefunga, piga namba ya dharura papo hapo, na msishuke mpaka uone kweli kuna nafasi ya kuvuka.

Ya kubeba, hata kwa safari ya dakika kumi: simu yenye chaji, fulana ya kuakisi ikae ndani ya gari wala si kwenye buti, pembetatu ya kuakisi (ila uliza sheria ya kwenu, kuna nchi hairuhusiwi kutembea na kuiweka kwenye haiwei), maji ya kunywa, na tairi la spea ulilolipima upepo. Hilo la spea kalipime leo jioni, watu wengi hawajaligusa tangu wanunue gari.