Colfer hakuanza na Artemis Fowl
Umeuliza kama Artemis Fowl, ile riwaya ya watoto, ndicho kitabu cha kwanza cha mwandishi Eoin Colfer. Hapana, ndugu. Colfer, mzaliwa wa Wexford kule Ayalandi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alifundisha hata Saudi Arabia, Tunisia na Italia. Kitabu chake cha kwanza, Benny and Omar cha 1998, kinamhusu kijana wa Kiayalandi aliyehamishiwa Tunisia na wazazi wake. Artemis alikuja 2001, ndipo mwalimu akaweka chaki chini. Mfululizo ulifika vitabu 8 mwaka 2012. Ukikipata kile cha kwanza cha Artemis, angalia alama zilizopangwa chini ya kurasa: si mapambo hayo, ni ujumbe wa siri, unafumbulika. Filamu ya Artemis Fowl ya 2020? Mimi niliizima katikati.