Jibu kwa dada wa Winooski: polisi, uhamiaji na mbwa wa mwanao

Dada mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili. Umealikwa kuongea mbele ya kamati ya bunge la jimbo la Vermont inayopitia sera za polisi, upande mmoja uhamiaji, upande mwingine mbwa, na yote mawili yako nyumbani kwako: familia imetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na mtoto mwenye kifafa anatembea na mbwa. Unauliza uende au unyamaze.

Nenda. Mimi ni mkalimani hapa Burlington, mwaka wa tisa sasa, na ile meza ya Montpelier, makao makuu ya jimbo, nimeikalia mara kadhaa nikisema maneno ya wengine.

Siku ya kwanza niliaibika kwa neno moja tu: "anaweza". Mzee mmoja wa Fizi, kule Kongo, alisikiliza maelezo yote kuhusu polisi na uhamiaji, kisha akauliza, "Mwanangu, sasa huyu polisi anaweza ama hawezi kuniomba makaratasi?" Nikakwama. Kwetu "anaweza" ni ana ruhusa, na pia ni ana nguvu. Mzee alikuwa anauliza la nguvu, wabunge wakawa wanajibu la ruhusa. Tangu hapo nasema "ameruhusiwa" au "amekatazwa", na "anaweza" naliacha nje ya mlango.

Hapa Vermont kuna sera ya mfano ya polisi kuhusu haki na kutopendelea, na kila kikosi kinalazimika kufuata misingi yake. Polisi hatakiwi kukuuliza hali yako ya uhamiaji, ila pale inapohitajika kweli kwenye upelelezi wa jinai. Mwaka 2017 jimbo likaongeza kwamba mkataba wa 287(g), ule unaowapa polisi wa kawaida kazi za maafisa wa uhamiaji, ni gavana peke yake mwenye kuuingia. Mvutano wa kila kikao unatoka kwenye sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, ya 1996, kifungu 1373, inayozuia majimbo kukataza maafisa wao kupeana na uhamiaji taarifa za hali ya mtu. Ukiwaona wabunge wanabishana nusu saa juu ya sentensi moja, mara nyingi ni hapo.

Ila usichanganye magari. Sera hiyo inawafunga polisi wa jimbo na wa miji. Doria ya mpakani ni watu wa shirikisho, na wao wana kanuni yao ya kukagua watu ndani ya maili 100, yaani kilomita 160, kutoka mpakani. Burlington na Winooski zote zimo humo. Na kama una kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, na umetimiza miaka 18, sheria ya shirikisho inataka utembee nayo. Hilo watu wetu wengi hawaambiwi.

Kuhusu mbwa, tenganisha tangu sentensi ya kwanza, maana sisi mbwa ni mbwa tu. Yuko mbwa wa polisi anayenusa madawa. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 2015, kesi ya Rodriguez, kwamba polisi akishamaliza shughuli ya kukusimamisha barabarani, hana ruhusa ya kukuchelewesha ili mbwa aje anuse, mpaka awe na sababu ya msingi ya kukushuku. Kesi ile ilihusu dakika saba au nane hivi. Huyo siye mbwa wako.

Wako ni mbwa msaidizi, aliyefunzwa kumsaidia mtu mwenye ulemavu. Dukani au ofisini, ikiwa haionekani wazi kazi yake, wameruhusiwa maswali mawili tu: je, anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya nini? Cheti hawaruhusiwi kudai, wala kumtaka aonyeshe kazi. Vile vyeti vinavyouzwa mtandaoni havina uzito wowote kisheria. Mke wangu alinunua kimoja kwa ajili ya mbwa wa shangazi yake, tukala hasara. Wanaruhusiwa kumtoa kama amekushinda kumdhibiti au anajisaidia ndani.

Hapo ndipo ushahidi wako una nguvu, kwa maoni yangu. Siku mtoto anaanguka kifafa barabarani na polisi anafika, ataona nini kwanza: mtoto, mbwa au Kiswahili chako? Waulize kamati polisi wanafunzwaje kumtambua mbwa msaidizi, na nani anamshika mbwa gari la wagonjwa likifika. Mambo ya kanuni waachie wanasheria.

Tahadhari moja kubwa. Kikao kinarushwa mtandaoni, na maandishi unayowapa yanawekwa kwenye tovuti ya bunge yasomwe na kila mtu. Usitaje hali ya uhamiaji ya mtu yeyote, hata jirani anayekuambia hajali. Anwani ya nyumba pia usiandike.

Wazee wa msikitini wakikushangaa kwa ajili ya mbwa, waache, hiyo nayo ina siku yake.

Vyumba vya kamati ni vidogo, wageni tunabanana ukutani. Fika mapema ukae kiti cha mwisho karibu na mlango, mbwa apate pa kulala bila kukanyagwa mkia.