Swali la msomaji: Gari la Formula 1 lingemaliza saa 24 za Le Mans?

SWALI: Shikamoo fundi. Kila mwaka mwezi wa 6 ukifika, mimi na binamu yangu hatuelewani. Yeye ni mtu wa Formula 1, yaani langalanga. Anasema magari ya Le Mans, yale mashindano ya saa 24 kule Ufaransa, ni mazito na ya polepole, na madereva wake ni wale waliotemwa na langalanga. Mimi namwambia gari lake halifiki hata alfajiri pale. Kitaalamu, nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Kwa saa ya mkononi, binamu yako anakushinda. Uwanja wa Spa kule Ubelgiji una kilomita 7 hivi na unatumiwa na pande zote mbili. Mwaka 2020 Lewis Hamilton aliuzunguka na gari la Formula 1 kwa dakika 1 na sekunde 41.252. Magari ya daraja la Hypercar, ndiyo yanayogombea ushindi wa jumla Le Mans, pale pale Spa hutumia dakika 2 hivi. Hilo ni pengo kubwa, usilibishie.

Ila asikudanganye kwamba mafundi wa Le Mans hawajui kazi. Kinachowachelewesha ni sheria. Hypercar haishuki chini ya kilo 1,030, wakati Formula 1 ya msimu wa 2024 ilianzia kilo 798. Nguvu ya Hypercar hupimwa na vihisio vilivyofungwa kwenye shafti zinazozungusha magurudumu, na ukivuka kiwango ulichopangiwa unaadhibiwa. Isitoshe, wasimamizi humwongezea huyu uzito na kumpunguzia yule nguvu ili Ferrari, Toyota na nyinginezo zikaribiane. Kujaza nguvu farasi hapo ni kujitafutia adhabu.

Ukitaka kujua gari la mbio ndefu lina nini ndani yake, tazama walichofanya Porsche mwaka 2018. Walichukua 919, gari lililokuwa limeshinda Le Mans mara tatu mfululizo, wakalitoa kwenye sheria. Injini ilikuwa ile ile ya silinda 4, lita 2. Walichofanya ni kuifungulia mafuta, ikapanda kutoka nguvu farasi 500 hivi hadi 720, juu ya 440 za mota za umeme. Uzito ukashuka hadi kilo 849. Dereva wao Neel Jani akazunguka Spa kwa 1:41.770, sekunde 0.783 mbele ya muda uliompa Hamilton nafasi ya kwanza ya kuanzia mbio pale mwaka uliotangulia. Baadaye Formula 1 ilijibu, na huo muda wa 2020 niliokutajia uko mbele ya wa Jani. Nadhani watu wa langalanga walikuwa hawajalala vizuri kwa muda.

Tuje kwako sasa. Gari la Formula 1 lingekwama kabla hata ya usiku, kwa sababu halina taa za mbele. Halina pia mfumo wa kujazwa mafuta haraka katikati ya mbio, maana kujaza mafuta kulipigwa marufuku mwaka 2010. Tuseme umeyafunga yote hayo. Bado chini ya gari kuna ubao wa unene wa milimita 10, ambao haukubaliki ukilika chini ya 9. Mwaka 2023 kule Austin, Marekani, Hamilton na Charles Leclerc walifutiwa matokeo kwa sababu ubao ulilika kupita kiasi, na hayo yalikuwa mashindano ya kilomita zipatazo 308 tu. Ferrari iliyoshinda Le Mans 2025 ilikwenda mizunguko 387 ya kilomita 13.626, yaani zaidi ya kilomita 5,270, sehemu kubwa ikiwa ni barabara ambayo siku za kawaida hupitiwa na malori. Ni kama mashindano 17 ya langalanga bila kulala.

Kwenye saa 24, kinachokuua mara nyingi ni kitu kidogo. Mwaka 2016 Toyota namba 5 iliongoza hadi dakika za mwisho. Dereva wake Kazuki Nakajima akaita kwenye redio kwamba hana nguvu, gari likasimama mbele ya jukwaa kuu, na Porsche ya Jani ikapita kuchukua ushindi. Baadaye Toyota walieleza kwamba kiungio cha bomba la hewa kati ya turbo na intakula (kipoza hewa) kiliharibika. Fundi yeyote wa gari la turbo anaijua hali hiyo: hewa ikivuja, gari halina msuli. Toyota hawakuhesabiwa hata nafasi ya pili, kwa sababu mzunguko wa mwisho uliwachukua muda mrefu kuliko unaoruhusiwa.

Kuhusu madereva, binamu yako ana nusu ya ukweli. Sébastien Buemi aliachwa na Toro Rosso, timu ya Formula 1, Brendon Hartley naye vile vile. Wote wawili ni mabingwa wa Le Mans, Buemi mara nne. Lakini Nico Hülkenberg alishinda 2015 akiwa bado dereva wa Formula 1, na Fernando Alonso, bingwa wa dunia mara mbili, aliifuata Le Mans mwenyewe na kuishinda 2018 na 2019. Tom Kristensen ana ushindi mara tisa pale na hakuwahi kuanza hata shindano moja la langalanga. Utampima kwa mizani ipi?

Ugomvi wa kweli naona uko kwa wakubwa wa ofisini zaidi kuliko kwa madereva. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 magari ya mbio ndefu yalilazimishwa kutumia injini za lita 3.5 kama za Formula 1. Gharama zikapaa, timu zikakimbia, na ubingwa wa dunia wa magari hayo ukafa mwisho wa 1992. Injini za Peugeot zikaishia langalanga. Kwa maoni yangu, hiyo ilikuwa hasara kwa pande zote. Maana mbio ndefu zilikuwa zikiilisha langalanga madereva: Jordan, timu ya Formula 1, walikuwa wamempata Michael Schumacher mwaka 1991 kutoka timu ya Mercedes ya mbio ndefu, akajaze nafasi ya Bertrand Gachot aliyekuwa gerezani. Miezi miwili tu nyuma Gachot alikuwa ameshinda Le Mans na Mazda, na mzunguko wa kasi kuliko yote siku hiyo aliuendesha Schumacher.

Mkikutana tena, mtafutie binamu video ya kamera ya ndani ya Hypercar usiku. Mwambie ahesabu magari ya daraja la chini yanayopitwa kwa mzunguko mmoja, na aangalie yanapitwa wapi. Kwenye Formula 1 anayezungukwa anatakiwa akupishe. Le Mans bendera ya bluu inamwarifu tu kwamba uko nyuma yake, na njia unaitafuta mwenyewe.