Jibu: Lugha za viumbe kwenye Daggerfall zina faida?

Ndugu, umeuliza kama kuna maana kumpa mhusika wako wa Daggerfall ujuzi wa lugha. Ipo, ila chagua. Mchezo huu wa kompyuta wa Bethesda wa mwaka 1996 una lugha 9, na nyingi zinakusaidia kwa kiumbe mmoja tu. Hizo achana nazo.

Chukua Daedric (lugha ya Daedra, viumbe wakali kama mashetani) na Orcish (lugha ya Maorki, viumbe wapiganaji). Daedra Lord anaweza kukumaliza kwa mapigo machache, lakini ukiijua lugha yake kuna uwezekano asikushambulie kabisa, ukampita salama huko shimoni. Maorki nao wana ngazi kadhaa hadi Warlord, na lugha moja inawahusu wote. Kwa mchawi mwenye afya ndogo, huo ni uhai!

Ila usiziweke kwenye ujuzi wa msingi. Huo una nafasi tatu, na zote zinahesabiwa katika kupanda ngazi, na lugha hukua polepole maana unaitumia tu ukikutana na kiumbe husika. Ziweke kwenye zile nafasi 6 za chini, ambako unahesabiwa ujuzi mmoja tu, ule wenye kiwango cha juu zaidi. Na kiumbe akishatulia usimguse, ukimpiga anageuka adui papo hapo.