Maswali ya Wasomaji: Kuitambua na Kuitunza Sanamu ya Udongo

SWALI: Ndugu wahariri, nimenunua sanamu ya udongo mweusi kwenye nyumba iliyokuwa ikiuza vitu vyake hapa Dar es Salaam. Ni mwanamke aliyeketi, urefu sentimita 34, na kichwa cha mtoto kimechomoza tumboni. Muuzaji alisema ni kazi ya Reinata Sadimba, ila haina saini. Nitajuaje ukweli?
*Msomaji, Temeke*

JIBU: Kwanza, madai ya muuzaji si ya ajabu. Reinata Sadimba ni Mmakonde wa Msumbiji, aliyezaliwa mwaka 1945 katika kijiji cha Nemu, uwanda wa Mueda. Kwa Wamakonde uchongaji wa mti ni kazi ya wanaume na ufinyanzi ni wa wanawake, kwa hiyo alianza utotoni na vyungu vya nyumbani. Sanamu zilizomletea sifa alianza kuzifinyanga katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1980 alihamia Tanzania, na mwaka 1992 akarudi kwao na kufanyia kazi zake Maputo, kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili. Kazi yake kupatikana Dar es Salaam ni jambo linalowezekana kabisa. Lakini kuwezekana si ushahidi, na wauzaji wanaijua historia hiyo kama unavyoijua wewe.

Ikague sanamu kuanzia chini. Wengi huanza na uso, na uso ndio sehemu rahisi kuiga. Ilaze juu ya taulo, umulike ndani kwa tochi ya simu. Sanamu iliyojengwa kwa mkono huwa na unene unaobadilika: kwenye makalio pengine milimita 15, shingoni 8. Utaona alama za vidole na matuta pale misokoto ya udongo ilipounganishwa. Sanamu iliyomiminwa kwenye kalibu ya plasta huwa na ukuta mwembamba wa unene mmoja, laini ndani, na tundu dogo la duara chini. Kisha laza mwanga ubavuni, kutoka sikioni hadi kisiginoni. Mstari mwembamba ulionyooka pande zote mbili ni mshono wa kalibu, hata ukiwa umesuguliwa. Ukiuona, usiendelee, hiyo si kazi ya mkono.

Halafu weusi. Kazi nyingi za Reinata zimepakwa grafiti, ile nyeusi iliyo ndani ya penseli, ndiyo maana zina mng'ao wa kijivu unaofanana na chuma. Sugua polepole kwa pamba kavu mahali pasipoonekana. Grafiti huacha doa la kijivu linalong'aa. Kiwi ya viatu huacha doa la mafuta lenye harufu. Rangi ya kopo haiachi kitu kwenye pamba kavu, ila mara nyingi huyeyuka kwa tone moja la asetoni (kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha) kwenye ncha ya kijiti cha masikio. Tone moja tu, na chini ya kitako. Weusi wa moshi wa kuchomea ni kitu kingine: umeingia ndani ya udongo, hautoki, na mara nyingi una mabaka yasiyo na mpaka maalumu, pale kuni au majani yalipogusa chombo.

Jambo la tatu, ambalo tunaliona muhimu kuliko yote, ni chale. Mwilini mwa sanamu hizi hupita mistari na pembe zinazotoka kwenye nembo za Kimakonde, yaani chanjo za mwilini, na kwenye mapambo ya vyungu. Tumia kioo cha kukuzia. Mstari uliochorwa udongo ukiwa bado mbichi una kingo zilizoinuka kidogo na chembe zilizosukumwa pembeni. Uliokwanguliwa baada ya kuchomwa una kingo zilizomegeka, na ndani yake rangi ni nyepesi kuliko ya juu. Sanamu ya kweli iliyoongezewa chale baadaye ili ipande bei ni hasara kubwa, maana haiwezi kurudishwa ilivyokuwa.

Saini tunaiweka mwisho kwa makusudi. Msumari na dakika mbili vinatosha kuandika jina. Kukosekana kwake hakuzuii sanamu yako kuwa ya Reinata, na kuwepo kwake kusingeithibitisha. Kinachothibitisha ni karatasi: risiti, katalogi ya maonyesho yenye picha ya kipande hichohicho, au picha ya zamani ikiwa sebuleni kwa mwenyewe wa kwanza. Mrudie muuzaji sasa, kabla nyumba haijafungwa, umuulize nani aliinunua, wapi na mwaka gani. Andika majibu yake yote. Bila karatasi, hata vipimo vyote vikikubali, iandike kwenye daftari lako kuwa «inahusishwa na Reinata Sadimba», wala usiiuze kwa jina kamili.

Usiichanganye pia na kazi za Seyni Camara wa Casamance, Senegali. Nazo zinaonyesha wanawake waliobeba watoto, ila kwake watoto hao huwa wengi, wamepandana na kung'ang'ania mwili mzima wa mama, na udongo hubaki na rangi ya hudhurungi ya moto wa uwanjani.

SWALI: Mkono wa sanamu yangu umekatika vipande vitatu. Fundi anataka kuugandisha kwa supagluu. Nimruhusu?
*Mama msomaji, Mombasa*

JIBU: Mama, usimruhusu. Udongo uliochomwa kwa moto wa kuni una vinyweleo vingi. Supagluu huzama ndani, huacha doa jeusi kando ya ufa, na ikishika ni vigumu kuitoa bila kumega kingo. Epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ni mbaya zaidi: ina nguvu kuliko udongo wenyewe, hivyo sanamu ikianguka tena itavunjika mahali papya.

Wanaohifadhi vitu vya makumbusho hutumia Paraloid B-72, plastiki ya punje inayoyeyushwa kwa asetoni na kuondolewa tena kwa asetoni hiyohiyo. Safisha kingo kwa brashi laini kavu, bila maji na bila msasa. Panga vipande vikavu kwanza ujue kipi kinatangulia, kwa sababu cha kwanza kikikaa upande kwa milimita moja, cha mwisho hakitaingia. Paka kingo kwa myeyusho mwepesi, gramu 10 kwa mililita 100 za asetoni, uache siku nzima; bila hatua hii udongo utainyonya gundi yote na kiungo kitakuwa dhaifu. Kisha gandisha kwa myeyusho mzito, gramu 50 kwa mililita 100. Chomeka sanamu kwenye beseni la mchanga mkavu, uielekeze ili uzito wa kipande ukandamize kiungo badala ya kukivuta. Iache siku mbili. Gundi iliyofurika usiifute ikiwa majimaji, maana asetoni ikitiririka hubeba unga wa grafiti; subiri iwe kama mpira, uikate kwa wembe.

B-72 hulainika joto likifika karibu nyuzi 40, kwa hiyo sanamu hiyo isiachwe ndani ya gari juani wala kwenye dirisha la jua la mchana.

Anayenunua naye achukue tochi ya dukani ya kukagulia noti, ile ya mwanga wa urujuani. Kwenye chumba cha giza, gundi na rangi nyingi za marekebisho hung'aa buluu au nyeupe chini ya mwanga wake, na udongo hubaki mweusi.

SWALI: Sanamu zangu zinatoa unga mweupe miguuni. Je, ni kuvu?
*Msomaji, Bagamoyo*

JIBU: Weka unga kidogo kwenye kijiko chenye maji. Ukiyeyuka ni chumvi. Ukibaki na nyuzinyuzi ni kuvu. Chumvi ya hewa ya bahari na ya ukuta wa chokaa huingia na unyevu, kisha hujitokeza udongo unapokauka. Piga brashi, ziondoe ukutani, ziweke juu ya ubao. Usizipake vanishi: chumvi itajikusanya chini yake na kubandua ngozi ya sanamu.

SWALI: Bibi yetu huko Korogwe ameacha vinyago vidogo vya udongo vya unyago. Ndugu yangu aliye Ujerumani anataka kuvichukua.
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Visioshwe. Vinyago vya kufundishia jandoni na unyagoni mara nyingi hukaushwa tu bila kuchomwa, na vikiloa hurudi kuwa tope. Hans Cory alichapisha mwaka 1956 kitabu kuhusu vinyago vya aina hii vya Tanganyika, nacho kitakusaidia kulinganisha maumbo. Ila anayejua wimbo na fundisho la kila kimoja ni somo, yaani kungwi, aliyevitumia. Mkimpata, rekodini maelezo yake kwa idhini yake, na mumuulize kipi hakipaswi kuonyeshwa hadharani.

Kuhusu Ujerumani: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni kabla ya kutoa nchini kitu kilichotengenezwa kwa matumizi ya mila, tofauti na kilichotengenezwa kuuzwa kwa watalii. Pigeni picha kila kimoja pande zote nne na chini, rula ikiwa pembeni, mziwasilishe Idara ya Mambo ya Kale kabla ndugu yako hajakata tiketi.