Kwa mnaoanza kutathmini hatari ya kutoweka kwa likeni: hesabu kwanza, daraja baadaye

Wengi mnaoingia kwenye kazi hii mmezoea ndege au wanyama, ambao mtu huwahesabu mmoja mmoja. Likeni ni kuvu aliyeungana na mwani au sianobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga), na haikupi raha hiyo. Mabaka mawili yakikutana huungana, na kipande kikibanduka huweza kuota kwingine. Mmoja ni upi hapo? Msikeshe mkibishana. Utaratibu unaotumika sana ni huu: kwa likeni za mitini, mti mmoja wenye spishi hiyo ni mmoja, hata ukiwa na mabaka kumi, kwa za mwambani au ardhini, ni mita moja ya mraba iliyokaliwa. Uandikeni ndani ya tathmini, kwa sababu kigezo D cha IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi linalopanga spishi kwa madaraja ya hatari ya kutoweka, kwa vigezo A hadi E) kinasimama juu ya hesabu hiyo: chini ya 50 waliokomaa ni daraja la juu kabisa la hatari, chini ya 250 ni linalofuata. Ukihesabu mabaka, spishi itaonekana salama kuliko ilivyo.

Kigezo B ndicho kinachowaponza wageni. Eneo linalokaliwa hupimwa kwa miraba ya kilomita 2 kwa 2, na kikomo cha daraja la pili la hatari ni kilomita za mraba 500, yaani miraba 125. Ni likeni ngapi zina rekodi kwenye miraba 125? Chache mno! Mara nyingi ramani ya vielelezo vya hebaria (hifadhi ya sampuli zilizokaushwa) huonyesha tu wakusanyaji walikopita, tena kando ya barabara. Ndiyo maana udogo wa eneo peke yake hautoshi. Lazima pia uonyeshe angalau mawili kati ya haya: mahali pachache au mtawanyiko mbaya wa vipande, upungufu unaoendelea, mabadiliko makali ya idadi.

Na "mahali" si nukta kwenye ramani. Ni eneo ambalo tishio moja linaweza kulifagia lote kwa mara moja. Tazameni Cladonia perforata ya Florida, inayoishi juu ya mchanga mweupe: mwaka 1995 kimbunga Opal kiliipiga vibaya kwenye kisiwa cha pwani. Nukta kadhaa, dhoruba moja, basi hapo ni mahali pamoja.

Kigezo A hutaka upungufu wa idadi upimwe kwa miaka 10 au vizazi vitatu, kipindi chochote kilicho kirefu zaidi. Kwa likeni vizazi vitatu huwa miongo mingi, na hesabu za zamani hazipo, hivyo pimeni makazi: msitu mkongwe uliokatwa kipindi hicho ni ushahidi halali.

Mkienda uwanjani, andikeni pia mlikotafuta mkakosa, na muda mliotafuta. Kwa spishi adimu chukueni kipande kidogo tu, kinachotosha kupima kemikali zake, na mengine pigeni picha.