Zimwi wa kuchekesha tu?

SWALI: Shikamoo Bibi. Jumamosi niliwawekea wanangu filamu ya katuni, Hotel Transylvania ya 2012. Dracula, yule mnyonya damu, kajenga hoteli kumficha bintiye na majitu wenzake wasidhuriwe na binadamu. Nikasema hapa pana kisa! Kumbe vichekesho na kukimbizana tu. Kitindamimba kalala, kashata mkononi. Nakosea kununa?
Mama wa Watatu, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nuna tu. Dracula ni baba mjane anayemdanganya mwanawe kwa hofu, hicho ni kisa cha kuliza. Wao wakamalizia kwa wimbo! Bibi yangu alitusimulia zimwi aliyemtia binti ndani ya ngoma, ngoma ikipigwa binti anaimba. Hakuna aliyesinzia, wala aliyethubutu kwenda chooni peke yake.